Kilo Nane

Tiketi aliyotuma Salwa ni ya bei rahisi,
na rahisi haikosi masharti:
begi moja la mkononi, kilo nane,
urefu shubiri mbili na nusu,
na kila cha majimaji kikae kwenye kichupa
kisichozidi mililita mia.
"Mililita mia," alisema Shangazi Mwanakhadi,
"ni mafuta hayo, au ni machozi?"

Tulilipeleka begi kwa Shebwana, Langoni,
tukalipandisha kwenye mizani yake ya unga.
Tupu, bila hata kitambaa, kilo mbili na robo.
Shangazi akalitazama kama mkwe
aliyekula kabla ya wageni.

Habari ilitutangulia nyumbani.
Alasiri hiyohiyo Bi Rahema akaja na achari ya ndimu,
chupa ya lita, imefungwa kwa mpira na dua.
Maalim Bunu, kashata za mwanawe aliyeko Milano
("na Torino si mbali, ni kama hapa na Shela").
Mke wa Skanda, ng'onda
aliyevishwa magazeti matatu na bado anajitangaza.
Mtu tusiyemjua akaacha mchi wa kinu, mzima,
akasema atarudi kueleza.

Shangazi alipokea kila kitu kwa mikono miwili,
akasema inshallah
kwa urefu tofauti tofauti.
Mimi nazijua inshallah zake:
ile fupi ndiyo ndiyo.
Hakuna aliyepewa ile fupi.

Usiku tukapakia. Tukapakua. Tukapakia.
Madira manne yakawa mawili.
Viatu vya Idi vikapanda kidakani.
Mafuta ya nazi aliyoyakamua mwenyewe,
ya kumkanda mjukuu ajaye,
tukayatafutia kichupa: kile cha dawa ya kikohozi
cha marehemu mumewe, mililita mia kamili,
chenye alama ya kalamu ubavuni, kipimo cha usiku.
Alikiosha, akakinusa, akakiosha tena.
"Bado anakohoa humu," akasema,
akamimina mafuta taratibu
mpaka kwenye ile alama, akasita,
kisha akajaza.

Zikabaki leso za kumfunga mzazi tumbo, pea tatu,
na sweta.
Kilo tisa na nusu.
"Hebu niambie," akauliza, "wanapima begi au wanapima mtu?"
Begi, nikasema.
Akaingia chumbani,
akatoka mnene.

Alfajiri aliteremka kwenye boti ya Manda
kwa uangalifu wa chungu kilichojaa,
mikono haifiki ubavuni,
buibui limetanda kama hema la maulidi.
Pale uwanjani mizani ilisoma saba na gramu mia tisa.
Kijana wa ndege akaliangalia begi,
akamwangalia yeye,
akaliangalia begi.
"Unene ni riziki, mwanangu," akamwambia,
jasho likimtiririka hadi kidevuni.

Sasa mwezi wa pili.
Zidaka za nyumba hii zimejaa safari isiyosafiri.
Kashata nimezimaliza; Maalim asinione mdomo.
Ng'onda alijimaliza mwenyewe, paka ni mashahidi.
Achari nairamba kwa kidole, usiku, nimesimama.
"Imefika?" Bi Rahema huniuliza kutoka barazani.
Imefika, namjibu.
Sikusema wapi.

Jana picha ikaja: mtoto wa kike, kilo tatu na nusu,
anang'aa mafuta kama birika la shaba,
na Shangazi pembeni, amekonda ghafla,
dira moja tu mwilini.
Anasema majirani wa Salwa wamekwisha sikia anarudi.
Wa juu ameleta jibini, gurudumu zima.
Wa chini, mvinyo; amempa ile inshallah ndefu kuliko zote.
Ananiuliza kama nguo za baridi
zaweza kuvaliwa tano kwa pamoja.

Mchi bado umeegemea mlango.
Mwenyewe hajarudi kueleza.